Mgonjwa Avukapo Rovuma: Mazungumzo na Wazee, Manahodha na Familia za Pwani ya Palma



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo nyumba nyingi za pwani hii, tangu Mocímboa da Praia hadi Quionga, zimelipitia: ndugu kushikwa na maradhi akiwa ng'ambo ya Rovuma, au kuvushwa ng'ambo kwa kuwa Mtwara iko karibu kuliko Pemba. Sisi polisi si matabibu. Lakini mgonjwa avukaye mpaka hupita mikononi mwetu kabla hajafika mikononi mwa daktari. Kwa hiyo neno letu la leo ni moja: mgonjwa apitishwe mlangoni, kwa jina lake, pamoja na mtu wa kumsemea. Mambo hayo matatu hayaponyi; ila yakikosekana, hata dawa iliyopo huchelewa kumfikia.

Tunajua kwamba kwenu ng'ambo si ugenini. Pembe ya Kionga ilikuwa chini ya Wajerumani tangu mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukathibitisha hivyo. Walikuwapo watu waliobadilishiwa dola bila kuhama kibanda. Ndiyo maana shangazi yuko Msimbati, mpwa yuko Quionga, na lugha ni ile ile. Hata hivyo, undugu hauandikwi katika daftari la hospitali. Kila serikali ina fedha yake, hati zake na sheria zake, na mgonjwa asiye na karatasi hubaki kati ya daftari mbili.

Tuanze na mlango. Kwa upande wa pwani mlango ni Namoto, na ng'ambo yake ni Kilambo. Kati yao mna mto, na kuvuka hutegemea hali ya maji. Kwa walio bara, upo Negomano, penye Daraja la Umoja lenye urefu wa meta 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Wako wanaokwepa milango hiyo wakamlaza mgonjwa katika ngalawa usiku. Wengine husukumwa na haraka, wengine na hofu ya kuulizwa maswali. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini kumbukeni tulipotoka. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na tangu Machi 2021, Palma ilipoingiliwa, chombo kisicho na taa usiku hushukiwa kwanza, ndipo kisaidiwe. Nahodha anayembeba mgonjwa gizani anamwongezea hatari ya pili juu ya ile ya ugonjwa.

Kabla ya kung'oa nanga au kupakia gari, mjulisheni katibu wa mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu: nani anaumwa, nani anamsindikiza, chombo gani, njia gani. Mkifika mpakani, semeni kwanza kwamba mnaye mgonjwa. Raia wa nchi zetu mbili hawahitaji viza kwa ziara fupi, lakini muhuri wa kuingia unahitajika, na siku za kukaa zina kikomo. Mgonjwa akilazwa na siku zikakaribia kwisha, msindikizaji aende ofisi ya Uhamiaji mapema akiwa na barua ya daktari, asingoje mpaka zipite. Aliyepita mlangoni ana la kuonyesha. Aliyepita kichakani huanza kujificha hata wodini.

La pili ni jina. Hili linaonekana dogo, nalo ndilo linalosumbua mno. Katika hati zetu, zilizoandikwa kwa Kireno, mtu ni Assane Issufo. Nyumbani, na ng'ambo, anaitwa Hassani Yusufu. Momade ni Muhamadi, Amade ni Ahmadi. Ndugu akimwandikisha mgonjwa kwa jina la nyumbani, cheti cha vipimo kitakuwa na jina moja na kitambulisho jina jingine. Siku ya kutafuta rufaa ya kwenda Dar es Salaam, au siku ya kudai cheti cha kifo, huyo mmoja amekuwa watu wawili. Basi msitaje jina kwa mdomo tu: toeni hati, mwombe karani aandike herufi kwa herufi kama lilivyo. Waliopoteza hati wakati wa kukimbia vita wasisubiri maradhi ndipo wakumbuke. Waende sasa katika ofisi ya usajili. Barua ya katibu wa mtaa si badala ya hati ya kusafiria, lakini husaidia kuonyesha mtu ni nani.

La tatu ni msemaji. Tumeona wagonjwa wakisindikizwa na watu wanane, na hakuna hata mmoja ajuaye homa ilianza lini. Mchagueni mtu mmoja, mwenye subira na kumbukumbu, ambaye simu yake haizimwi. Abebe kadi ya kliniki, barua ya rufaa, yaani ile *guia* ya kituo chetu cha afya, na pakiti za dawa zote, hata zilizo tupu. Barua ya Kireno huenda isisomeke Mtwara; kwa hiyo kabla ya kuondoka amwombe mganga amweleze kwa maneno mepesi: ugonjwa unaodhaniwa, dawa iliyotolewa, kiasi gani na saa ngapi. Ayaandike kwa Kiswahili. Na kama mgonjwa alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji akanyweshwa kitu, hilo nalo lisemwe bila haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mkiwa Mtwara, ipo Hospitali ya Mkoa ya Ligula, na ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Zahanati ya karibu na mpaka haipaswi kudharauliwa: ndiyo inayoweza kumtuliza mgonjwa na kumwandikia rufaa. Mama mjamzito aliye katika hatari, au mtoto mchanga, akiwa upande wa Tanzania, ipo nambari 115 isiyolipiwa, ya usafiri wa dharura. Na aliyeumia kwa ajali au kwa kupigwa, polisi wa Tanzania humwandikia fomu ya PF3, ambayo hospitali huidai. Damu ikiwa inatoka, mmoja akae na majeruhi hospitalini na mwingine akimbilie kituoni kuifuata fomu. Msimzungushe majeruhi kutoka ofisi hadi ofisi.

Kuhusu malipo, tuseme wazi. Itifaki ya Afya ya SADC, iliyotiwa saini Maputo mwaka 1999, inazifunga serikali kushirikiana. Haimlipii mtu bili yake. Msidhani misamaha waliyowekewa raia wa Tanzania inamfuata kila mgeni. Ulizeni gharama tangu siku ya kwanza, bebeni shilingi, dai risiti ya kila malipo. Mkielemewa, msitoroke na mgonjwa usiku. Mwendeeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni pamoja na kuwasikiliza wasiojiweza, mkubaliane namna ya kulipa.

Yapo mambo mawili ambayo hatutaki yatokee, lakini ni lazima yajulikane. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaohusu huduma za kibalozi unasema kwamba raia akikamatwa katika nchi ya kigeni ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Basi msindikizaji akizuiwa kwa sababu ya hati, aiombe haki hiyo kwa adabu, na aseme papo hapo kwamba yuko mgonjwa aliyebaki peke yake. Mkataba huo huo unataka ubalozi ujulishwe bila kuchelewa raia wake afapo ugenini. Ubalozi wetu uko Dar es Salaam. Tunajua desturi yetu ni kuharakisha maziko. Lakini maiti inayovushwa bila cheti cha kifo na kibali huwaletea wafiwa mashaka siku ambayo hawana nguvu za kuyabeba, na mjane atakosa karatasi ya kudai haki za watoto. Aliye tayari kuzikwa ng'ambo, kwa ndugu zake, hana aibu yoyote. Cheti chake tu kirudi nyumbani.

Hayo yote yanageuka vilevile. Mvuvi wa Mtwara akianguka kwa homa katika kambi ya wavuvi hapa kwetu, yeye ndiye mgeni, sisi ndio wenyeji. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Apelekwe kituo cha afya kwanza, kisha polisi wajulishwe ili jamaa zake watafutwe. Asifichwe kwa kuwa ni mgeni, wala asishukiwe kwa kuwa anaumwa.

Nasi tuna wajibu wetu. Penye mgonjwa, afisa ashughulikie karatasi na msindikizaji wakati mgonjwa anaendelea na safari. Huduma hiyo haina malipo ya pembeni; atakayeombwa kitu kisicho na risiti, amwone kamanda wa kituo au baraza la usalama la jamii, ataje siku, saa na mahali. Hatuwezi kuusogeza mto, wala kuileta hospitali ya Mtwara huku. Lakini saa moja iliyookolewa mpakani ni saa moja ya daktari, na saa hiyo iko mikononi mwenu na mwetu kwa pamoja.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila nyumba iweke hati mahali pamoja na imtaje msemaji wake. Mungu awape afya wagonjwa wetu walio huku na walio ng'ambo.