Hotuba ya Mwenyekiti: Mwili wa Mwenzio Usiucheke, Upime Wako



Awali ya yote tumshukuru Mungu aliyetufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo atazisoma Mweka Hazina. Mimi kamati imenipa neno la afya, maana mfuko wetu wa jamii unatoka sana kwa ajili ya presha na kisukari. Nitasema juu ya unene: kwa nini wawili wanakula chungu kimoja, mmoja ananenepa na mwingine hanenepi.

Kwanza ni urithi. Mwaka 1986 wataalamu walitangaza uchunguzi wa nchi ya Denmark, wa watu wazima 540 waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Unene wao ulifuata wazazi waliowazaa, haukufuata waliowalea. Sisi tunaolea yatima tunalielewa hilo. Mwaka 2007 wakatangaza jeni iitwayo FTO. Jeni ni vile viini vya urithi tunavyopewa na baba na mama. Mtu aliyepata aina fulani ya jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, kwa wastani huwazidi wenzake kama kilo 3. Jeni za namna hiyo ziko nyingi, kila moja inaongeza kidogo kidogo, kama hisa zetu. Nyingi zinafanya kazi kwenye ubongo, katika kusikia njaa na kushiba. Basi ukimwona mwenzio mnene, usikimbilie kusema eti ni mlafi.

Pili ni baridi na joto. Mwili hutaka kukaa kwenye nyuzi kama 37, kunyeshe kusinyeshe. Mafuta ya mwilini ni ya namna mbili. Meupe ni akiba, kama fedha ndani ya sanduku letu la funguo tatu. Ya kahawia ni kuni: yanachomwa ili kutoa joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama sisi, hujipasha moto kwa mafuta hayo ya kahawia, mengine yako mgongoni kati ya mabega. Njiti anayo kidogo sana. Ndiyo maana tunaambiwa tumweke kifuani ngozi kwa ngozi, na mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24. Mabibi, hilo tulishike!

Sisi watu wazima tunayo pia, kidogo, shingoni na juu ya mifupa ya mabega. Hilo lilithibitishwa mwaka 2009. Lakini msije mkatupa mablanketi jamani! Baridi ya asubuhi ya Kamachumu au upepo wa Ziwa hauwezi kumkondesha mtu. Mwili ukichoma kidogo, njaa nayo inakuja, na ndizi zipo.

Tatu ni maisha yenyewe. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alifika Karagwe, mkoani humu humu, kwa Mfalme Rumanyika. Aliwakuta wanawake wa nyumba ya mfalme wakinyweshwa maziwa mengi na kuketi ndani, wamenenepa hata kusimama ni shida. Rumanyika mwenyewe alikuwa mrefu, hakunenepa hivyo. Hali ya hewa ni ile ile. Urithi unafungua mlango, lakini chakula na kuketi ndivyo vinavyomwingiza mtu ndani.

Sasa nisema linaloniuma. Ukimwi ulipogundulika mkoani kwetu mwaka 1983, wembamba uligeuka hukumu. Mama akikonda, watu wananong'ona. Tangu hapo wengi wetu tunaona unene ndiyo uzima, na wengine wanaogopa kupungua hata daktari akiwashauri. Dawa za kufubaza virusi zipo, watu wanaishi, lakini hofu ile haijaondoka. Wakati huo huo presha inatuua kimya kimya. Uchunguzi wa taifa wa 2015/16 ulionyesha kwamba katika wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Moja, katika mikutano yetu pasiwe na utani juu ya mwili wa mtu, mnene wala mwembamba. Mbili, tuazime futi ya fundi cherehani tupime viuno; mwanamke akizidi sentimita 88, aende akapime presha na sukari. Na mwembamba naye aende, maana presha haichagui. Tatu, mfuko wa jamii ununue kipimo cha presha, kikae pamoja na sanduku. Bei yake ni ndogo kuliko mkopo mmoja wa matibabu ya kiharusi.

Urithi hatuwezi kuurudisha kwa aliyetupa. Kupima tunaweza.

Umoja ni nguvu.