Msingi Kabla ya Kibali

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya maendeleo vya parokia)

Tumeombwa tuzungumze juu ya ujenzi, na afadhali tuanze na kosa letu wenyewe, maana wengi wenu mliliona lile shimo na mkaona haya kutuuliza.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilikuwa inajenga shule ya chekechea. Michoro tulikuwa tumeipeleka kwa ofisi ya mipango, lakini majibu hayajatoka. Wafadhili walitaka picha ya msingi kabla ya kufunga mwaka wao wa fedha, mvua ilikuwa inakaribia, na fundi akatuambia vijana wake watashika kazi kwingine. Basi tukasema, karatasi zitatukuta mbele. Tukachimba, tukamwaga zege. Siku ya tisa akaja mkaguzi na rangi nyekundu. Kumbe upande mmoja wa msingi uko ndani ya eneo la barabara! Kibali kilitoka baadaye, lakini jengo lisogezwe mita nne. Simiti haisogezwi. Tulivunja.

Pesa iliyopotea haikuwa ya wafadhili peke yao. Akina mama walikuwa wamechanga mawe, na siku zao za shamba wakazileta pale kubeba maji. Tulipowaita tena kuchanga, nusu hawakuja, na hatuwezi kuwalaumu.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inakataza mtu yeyote kuanza ujenzi bila kibali cha kaunti. Akipatikana na hatia, ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Tena anaweza kuamriwa arudishe kiwanja kilivyokuwa. Kikundi kinachochanga hamsini hamsini kila wiki kitatoa wapi?

Lakini kuna hasara kubwa kuliko faini. Mnakumbuka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016. Jengo la ghorofa sita lilianguka wakati wa mvua kubwa, na karibu watu 50 wakafa. Lilikuwa limejengwa karibu na mto bila idhini, na lilikuwa limeshatajwa kwamba libomolewe. Wapangaji walikuwa bado wanaishi ndani.

Wengine husema kibali ni mhuri tu wa kula pesa. Hapana. Mtu wa mipango anatazama barabara na mto, mhandisi anatazama vyuma na nguzo, mtu wa afya anatazama vyoo, maji na madirisha. Na hata kibali kikitoka, mkaguzi aitwe auone msingi kabla zege haijamwagwa. Vyuma vikishafunikwa, nani atavihesabu?

Ni kweli pia kwamba karatasi huchelewa, na wako wanaotaka kitu kidogo ndipo faili isonge. Hatutawaficha hilo. Sisi siku hizi tunaenda wawili wawili, tunaweka nakala yenye mhuri na tarehe, na tunarudi kila wiki mpaka watuchoke. Halafu, jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo: tuliwaandikia wafadhili kwamba miezi ya mradi ihesabiwe kuanzia siku ya kibali. Walikubali kwa barua moja. Kwani tulikuwa tunaogopa nini? Hatukuwa tumewahi kuuliza.

Angalieni sana mambo mawili. Risiti ya malipo si kibali. Na karani akiwaambia, "Endeleeni tu, hakuna shida," hicho pia si kibali. Siku ya rangi nyekundu hatakuwapo.

Wale wa kikundi cha maji mnaotaka kuanza stoo mwezi ujao, tafadhali msiite fundi kwanza. Leteni hati ya kiwanja na michoro hapa ofisini Jumanne asubuhi, tuipitie pamoja, na mweka hazina asitoe pesa ya simiti kabla ya hapo. Mawe mnaweza kuendelea kukusanya. Hayaozi.