Uzito wa Oili ya Motakaa
(Hotuba kwa wenye magari na madereva)



Leo twapenda kusema nanyi habari za oili ya injini, kwani wengi wetu tuna desturi ya kununua oili nzito kuliko zote dukani, tukidhani ya kwamba uzito ndio ubora. Sivyo. Hesabu iliyoandikwa juu ya kopo haielezi wema wa oili, bali yaeleza jinsi itiririkavyo. Hesabu hizo zilianza kupangwa mwaka 1911 na chama cha mainjinia wa motakaa cha Marekani, kiitwacho SAE.

Tutazame kopo lenye maandishi 5W-30. Hesabu ya kwanza, yenye herufi W, yaani majira ya baridi, yaonyesha mwendo wa oili injini ingali baridi. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo oili ipandavyo upesi. Hesabu ya pili yaonyesha uzito wake katika joto la digrii 100, injini ikiisha kupata moto.

Sasa fikirini asubuhi ya mwezi wa Julai kule Njombe, penye baridi. Usiku kucha gari limesimama, na oili imeshuka chini ya injini. Dereva awasha gari. Oili ikiwa nzito mno, huchelewa kupanda, na vyuma vya juu husuguana karibu vikavu. Hivyo huliwa kidogo kidogo kila siku. Lakini nyepesi kupita kiasi nayo haifai: penye moto na shehena nzito utando wake hukatika, chuma kikakutana na chuma.

Basi tufanyeje? Tufuate kitabu cha gari, kwani aliyeunda injini ndiye ajuaye nafasi iliyo baina ya vyuma vyake. Magari madogo mengi ya siku hizi yatokayo Japani yahitaji 0W-20 au 5W-30. Mengi ya zamani yalitumia 20W-50. Kitabu kikiwa kimepotea, tutazame kifuniko cha tundu la oili, maana mara nyingi hesabu imepigwa chapa hapo. Tusifuate neno la jirani, ambaye gari lake si letu.

Injini ikifa njiani, mazao huoza na mgonjwa hachukuliwi hospitali. Hasara hiyo yaweza kuepukwa kwa kusoma hesabu mbili tu kabla ya kutoa fedha.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia.