Jicho Ndani ya Risasi: Hesabu ya Mzinga wa Manowari



Aliyewahi kutembelea Fort Jesus, Mombasa, huenda ameiona mizinga miwili iliyotoka kwenye manowari mahasimu. Mmoja ulikuwa wa Pegasus ya Waingereza, mwingine wa Königsberg ya Wajerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliikuta Pegasus imetia nanga Unguja, ikaipiga hadi ikazama, kisha ikarudi kujificha katika mikoko ya delta ya Rufiji.

Julai 1915 Waingereza waliingiza mtoni meli mbili bapa, Severn na Mersey, zenye mizinga ya milimita 152. Shida yao haikuwa nguvu. Wapiga mizinga hawakumwona adui, maana baina yao ilikuwako mikoko kwa kilomita kama 10. Macho yao yalikuwa angani, kwenye ndege zilizoruka kutoka Mafia. Tarehe 6 walimwaga risasi kwa mamia, na Königsberg ikabaki. Walirudi tarehe 11. Safari hiyo ndege ya rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ikapigwa, injini ikafa, na ilipokuwa ikishuka kuelekea majini Arnold aliendelea kutuma kwa simu ya upepo habari za mahali risasi zilipokuwa zikiangukia. Siku hiyo Königsberg ikaisha.

Nimeanza Rufiji kwa sababu moja. Mimi ni mhandisi wa mitambo, wala sijavaa gwanda, na kinachonivuta katika mizinga ni swali hili: nani anaona, na kuona huko kunagharimu kiasi gani? Pale Rufiji jicho lililokaa ndani ya ndege lilisahihisha risasi nyingi. Jicho lilikuwa ghali, risasi ilikuwa rahisi.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu maneno. Magazeti yetu huita kombora kila kinacholipuka, kiwe kimetoka mtutuni au kimejirusha chenyewe kama roketi. Leo kombora ni kile kinachojirusha. Kinachosukumwa na baruti ndani ya mtutu nitakiita risasi ya mzinga, hata kikiwa na uzito wa mtu mzima.

Miaka 76 baada ya Rufiji, katika vita vya Ghuba vya 1991, Wamarekani walikuwa bado wanatumia utaratibu uleule. Missouri na Wisconsin, manowari za enzi ya Vita vya Pili vya Dunia, zilipiga pwani ya Kuwait kwa mizinga ya milimita 406, na jicho lao lilikuwa droni ndogo aina ya Pioneer. Katika kisiwa cha Failaka askari wa Iraki walipoisikia droni ya Wisconsin juu yao, walitoka wakipunga vitambaa vyeupe. Walikwishajifunza kwamba kikipita kile kidude, mizinga hufuata. Mtu kusalimu amri mbele ya jicho tu!

Manowari hizo zilipostaafishwa, askari wa Marines wakauliza ni nani atakayewapigia mizinga watakapoteremka ufukweni. Mizinga ya kawaida ya milimita 127 ilifika kilomita 24 hivi, na hakuna nahodha anayetaka kuisogeza meli yake karibu hivyo na pwani yenye adui. Jibu la wahandisi lilikuwa kuliondoa jicho angani na kulitia ndani ya risasi yenyewe.

Hapo ndipo ilipozaliwa manowari ya Zumwalt na mizinga yake miwili ya milimita 155. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa kaliba 62, yaani mara 62 ya kipenyo cha tundu lake. Zidisheni, mtapata mita 9 na nusu na zaidi kidogo. Risasi yake ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito wa kilo 100 na ushei. Ikitoka mtutuni ilifungua mapezi, mota ya roketi mkiani ikawaka, ikapanda juu sana, kisha ikaelea kuelekea shabaha ikiongozwa na ishara za setilaiti za GPS pamoja na jairoskopu zake yenyewe. Katika majaribio ilifika maili 63 za baharini, yaani zaidi ya kilomita 116.

Nawaomba wasiopenda fizikia wanivumilie kidogo. Risasi hiyo inaanza ikiwa imesimama, na mwisho wa mita 9 inakwenda mita 800 kwa sekunde. Yote hayo yanatokea kabla ya sehemu moja ya thelathini ya sekunde kupita. Kwa wastani kila kitu ndani yake kinaelemewa na mzigo wa mara 3,000 na zaidi ya uzito wake. Kijisaketi cha gramu 10 kinakuwa na uzito wa gunia dogo la unga, na baada ya teke hilo kinatakiwa kiamke, kitafute setilaiti na kijue kiko wapi. Simu yako ikianguka sakafuni unaenda kwa fundi. Kwa hiyo sitaki mtu atoke humu akidhani wahandisi wale walishindwa. Risasi iliruka, na ilipiga ilipoelekezwa.

Kilichoiua ni daftari. Fikirieni kiwanda cha ndoo za plastiki. Kalibu ya chuma ndiyo ghali. Plastiki yenyewe si kitu. Ukitoa ndoo laki moja, bei ya kalibu inapotea humo. Ukitoa ndoo mia, kila ndoo inakuwa na bei ya ng'ombe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Zumwalt. Awali zilipangwa manowari 32 za aina hiyo. Zikawa 24, zikawa 7, mwisho zikajengwa 3. Gharama za kubuni na za kiwanda hazikupungua nazo. Bei ya risasi, iliyokadiriwa mwanzoni kwa makumi ya maelfu ya dola, ikafika kama dola 800,000.

Kila mzinga ulibuniwa kufyatua risasi 10 kwa dakika. Mizinga miwili ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa, ingeteketeza dola milioni 16 kila dakika. Zumwalt iliingizwa rasmi katika jeshi la wanamaji mjini Baltimore tarehe 15 Oktoba 2016. Mwezi uliofuata ikajulikana kwamba ununuzi wa risasi unaachwa. Na mzinga ule ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya risasi hiyo moja tu. Risasi za kawaida za milimita 155, ambazo majeshi ya nchi kavu yanazo kwa malundo, hazikuingia bila kuufanyia mtambo marekebisho. Hili kwangu ndilo kosa la kihandisi hasa, na ni kosa la mtu aliyekaa mezani, si karakanani.

Agosti 2023 Zumwalt ilipelekwa Pascagoula, Mississippi. Huko mzinga wa mbele uling'olewa, na mahali pake ikawekwa mirija minne mipana, kila mmoja kwa makombora matatu yaendayo kwa zaidi ya mara tano ya kasi ya sauti. Mizinga ile haikuwahi kufyatuliwa vitani.

Waitalia walianzia upande mwingine. Risasi yao ya Vulcano haina mota ya roketi. Ni mshale mwembamba uliovikwa gamba ili ujae mtutu. Ukitoka, gamba linabaki nyuma, na mshale, kwa kuwa hewa haiushiki sana, unakwenda mbali. Ya kuongozwa, ya milimita 127, inakusudiwa kufika kilomita 80 na zaidi. Masafa hayo ni mafupi kuliko ya Mmarekani, ndiyo, lakini mzinga unaoifyatua unafyatua pia risasi za kawaida. Jicho linapandishwa pale tu linapohitajika, na siku bajeti ikikauka mzinga haugeuki pambo la sitaha.

Machi 2024, katika Bahari ya Shamu, manowari ya Italia Caio Duilio iliidungua droni ya Wahuthi iliyokuwa ikiijia. Ilikuwa na makombora ya kujikinga ya bei kubwa. Ikatumia mzinga wa milimita 76.