UDONGO UWAHI UNGALI MAJI

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo



Leo tuzungumze juu ya watoto wetu wadogo na udongo. Najua baadhi yenu mtaguna. Mtoto akionekana na tope mikononi, anachapwa. Eti anachafua nguo. Eti anapoteza wakati. Jamani, kabla ya kushika fimbo, tutazame kwanza anafanya nini.

Kumbukeni mlivyoanza kisomo. Vidole vilizoea mpini wa jembe, kalamu ikawa ngumu kuliko jembe. Mtoto wa miaka minne au mitano naye vidole vyake havijakomaa. Akibonyeza udongo, akiuviringisha, akiufinya, vidole vinapata nguvu. Akienda shule, kalamu haitamtisha.

Haya, tuanzeje?

Kwanza, chimbeni udongo wa mfinyanzi mahali safi, mbali na choo. Ondoeni mawe na mizizi. Tieni maji kidogo kidogo, mkande kama unga wa chapati. Viringisha kipande chembamba kama kalamu, ukizungushe kidoleni. Kikipasuka, ongeza maji, ukande tena. Kikiendelea kupasuka, tafuta udongo mwingine.

Pili, mwacheni mtoto ajenge anachotaka: ng'ombe, nyumba, au bibi anayetwanga. Ng'ombe mwenye miguu myembamba ataanguka. Msimjengee ninyi. Mwulizeni, "Mwanangu, kwa nini ameanguka?" Atafikiri, ataifanya miguu minene. Hapo amejifunza uzito, na hakuna aliyemhubiria. Kisha mwambieni aizunguke kazi yake. Sanamu ina mbele, nyuma na ubavu. Si kama picha ya ukutani.

Wachongaji wa Kimakonde hutumia mpingo. Mchongaji huondoa. Akikata pua ya sanamu, hairudi. Mfinyanzi huongeza, na akikosea anarekebisha. Ndiyo maana mtoto aanze na udongo, si kisu.

Tatu, sanamu inaweza kutembea! Msicheke. Kampuni ya Aardman, ya mji wa Bristol, Uingereza, ilianza mwaka 1972. Mwaka 1977 kimtu chake cha udongo laini, kiitwacho Morph, kilionekana katika televisheni kikitembea na kucheza. Hakuna uchawi. Sanamu hupigwa picha, husogezwa kidogo, hupigwa picha tena. Picha zikipita haraka, jicho haliwahi kuona pengo kati yake. Linaona mwendo.

Nanyi mnaweza. Mwenye simu yenye kamera aiegemeze kwenye matofali, isitikisike hata kidogo. Mtoto asogeze ng'ombe wake kwa upana wa punje ya mahindi, mkubwa apige picha. Wasogeze tena, wapige tena. Picha 12 zinatosha sekunde moja. Kwa sekunde 10 zinatakiwa picha 120. Siku ya kwanza anzeni na 24 tu, maana mtoto huchoka. Zipo programu za simu za kuunganisha picha hizo.

Asiye na simu je? Achukue daftari kuukuu. Achore mpira pembeni mwa kila ukurasa, kila mara juu kidogo ya ule uliopita. Akizipeperusha kurasa kwa kidole gumba, mpira utapaa.

Kwa kazi hii udongo uwe mbichi. Ukipumzika, ufunikeni kwa kitambaa kibichi. Sanamu ya kuhifadhi ikaushwe kivulini polepole, maana jua kali huipasua. Mtoto asitie udongo mdomoni, na akimaliza anawe kwa sabuni.

Ndugu zangu, shule inataka vitu vingi, lakini udongo ni bure. Jumamosi hii kila mzazi aketi na mtoto wake kwa saa moja. Akina baba pia, msiwaachie akina mama peke yao. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji. Udongo ukikauka utautia maji tena. Utoto ukipita, haurudi.