Nani Aulize Kwanza: Vighairi vya Kafyu ya Watoto Nchini Marekani

Mwenyekiti, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mliokokotwa kuja hapa Jumamosi asubuhi,

Wengi wetu tunaifahamu kafyu kama jambo la vita na ghasia, au la korona kwa waliokuwa Kenya mwaka 2020. Huku Marekani kuna kafyu ya namna nyingine, inayowekwa siku za amani na kumlenga mtu kwa umri wake tu. Omaha, jimbo la Nebraska, ilikuwa nayo tangu 1880, na miji mingi imefuata. Saa zake hazina ugumu. Ukishaambiwa saa tano usiku, umeambiwa. Kazi iko kwenye vighairi, yaani hali ambazo mtoto anaruhusiwa kuwa nje saa hizo. Na hata kighairi kizuri hakimfai mtoto kitu ikiwa askari halazimiki kukifikiria kabla ya kumkamata.

Chukueni amri ya kafyu ya jiji la Dallas, Texas, ya mwaka 1991, ambayo miji mingine iliiga. Aliye chini ya miaka 17 hakutakiwa kuonekana mahali pa umma kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na usiku wa Ijumaa na Jumamosi kafyu ilianza saa sita. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi dola 500, na iliweza kumwangukia pia mzazi aliyemwachia mtoto akijua, au mwenye biashara aliyemwacha abaki ndani. Orodha ya vighairi ilikuwa ndefu: aliye na mzazi wake, aliyetumwa na mzazi, mradi asipitie kwingine, anayetoka au kwenda kazini, naye asizunguke, mwenye dharura, aliye safarini kutoka jimbo moja kwenda jingine, aliyesimama kando ya barabara mbele ya nyumba yao, au ya jirani wa karibu ambaye hakulalamika polisi, anayetoka kwenye shughuli ya shule au ya dini inayosimamiwa na watu wazima, anayetumia uhuru wake wa kusema, kuabudu au kukusanyika, na aliyewahi kuoa au kuolewa.

Kwa hiyo kesha la maombi la kanisani lilikuwa na nafasi yake, na kijana aliyefunga kazi mgahawani usiku naye alikuwa na yake. Ila akipita kwa rafiki kucheza gemu, kinga ilikwisha.

Kilichoiokoa amri hiyo mahakamani si urefu wa orodha peke yake. Ilimtaka askari aulize kwanza umri wa mtoto na sababu ya kuwa nje, na asimchukulie hatua mpaka aamini kwamba kosa limetendeka na hakuna utetezi. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tano iliiacha isimame. Amri ya kafyu ya San Diego, iliyotungwa 1947, ilikuwa na vighairi vichache na maneno ya kukataza mtoto kuzurura au kutembeatembea, na mwaka 1997 ikabatilishwa mahakamani.

Indiana ndiyo iliyonifungua macho. Agosti 1999, mjini Indianapolis, vijana waliokuwa wametoka kutazama mechi ya soka ya shule walikamatwa kwa kuvunja kafyu wakitoka mgahawani, wakapimwa pombe na dawa za kulevya. Baadaye jimbo liliongeza kwenye sheria yake ya kafyu utetezi kwa anayetumia haki za Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, kama za kusema, kuabudu na kukusanyika. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Saba ikasema hautoshi: kama askari anaweza kumkamata mtoto halafu mtoto ndiye ajieleze baadaye, wengi wataogopa hata kwenda kwenye mkutano halali. Mimi naungana nayo. Haki ya kujitetea asubuhi haimfutii mtoto usiku aliolala mikononi mwa polisi.

Mmeniuliza kuhusu harusi na misiba yetu, inayokwenda hadi alfajiri. Katika orodha ya Dallas sherehe ya familia haikutajwa. Lakini "mzazi" alielezwa kwa upana: mzazi wa kuzaa, wa kuasili, wa kambo, na pia mtu yeyote wa miaka 18 au zaidi aliyepewa na mzazi jukumu la kumtunza mtoto. Baba mdogo aliingia hapo, hata binamu wa chuo, mradi awe amekabidhiwa kweli. Sheria nyingine si pana hivyo, basi msiichukulie hii kuwa ya kila mahali.

Kwa walioko Texas: tangu Septemba 1, 2023 sheria ya jimbo imekataza miji na kaunti kuweka kafyu za namna hii, isipokuwa zile za dharura kama maafa. Anayehamia jimbo jingine aende ofisi ya jiji akaombe amri yenyewe, kisha atafute kifungu kinachomhusu askari kabla ya kutazama saa.