Nani Anakipima Kipimo?

 

Leo tuzungumzie DNA iliyomo ndani ya seli zako. Moshi wa sigara unaiharibu. Eksirei inaikata. Mara nyingi seli hujitengeneza yenyewe, lakini ikishindwa au ikikosea, kansa inaweza kuanzia hapo. Ndiyo maana dawa mpya hupimwa kwanza: je, inaharibu DNA?

Inapimwaje? Njia moja inaitwa kometi, yaani nyota yenye mkia. Seli hutandazwa kwenye kioo ndani ya ute mzito kama jeli. Utando wake unayeyushwa, kisha umeme unapitishwa. DNA nzima hubaki pale pale. Iliyokatika huvutwa na umeme, ikatoka nje kama mkia. Ukiona kwenye hadubini mkia mkubwa, ujue uharibifu ni mkubwa.

Rahisi, sivyo? Ngoja kwanza. Umeme ukipita dakika 30 badala ya 20, mkia unakua. Seli ni zile zile, jibu jingine!

Na siyo kometi tu. Kuanzia mwaka 1997, watafiti wa Ulaya katika kundi la ESCODD walilinganisha njia mbalimbali za kupima uharibifu wa DNA unaoletwa na oksijeni. Majibu yalipishana mara 100 na zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba DNA ilikuwa ikiharibika wakati wa kuitayarisha. Yaani mpimaji alikuwa anaongeza kidonda bila kujua.

Sasa fikiria duka la mtaani. Unajuaje kwamba kilo ya sukari ni kilo kweli? Kuna jiwe la mizani lililokaguliwa. Maabara nayo inahitaji jiwe lake.

Jiwe hilo ni seli. Wanachukua seli za aina moja, wanazigawa mafungu. Fungu moja haliguswi. Mengine yanapigwa mionzi ya kiasi kinachojulikana, yakiwa kwenye barafu ili seli zisiwahi kujitengeneza. Mionzi hupimwa kwa grei, na grei 1 hukata DNA ya seli moja mahali kama 1,000. Halafu seli zinagandishwa ziwe akiba. Kila siku ya kazi, chache hutolewa na kupimwa sambamba na zile zinazochunguzwa. Zikitoa jibu lake la kawaida, kazi inaendelea. Zikitoa jibu la ajabu, vipimo vya siku hiyo haviaminiki, hata kama vinapendeza. Vikikubaliwa hivyo hivyo, dawa mbaya inaweza kupita na nzuri ikakataliwa.

Kwa hiyo, mtu akikuuzia kinywaji "kinachosafisha DNA, kimepimwa", usigombane naye. Muulize tu: kimepimwa kwa njia gani, kikalinganishwa na nini? Akibabaika, hela yako ibaki mfukoni. Na sigara? Hiyo achana nayo leo, ushahidi wake ulishatosha zamani.

Haya, nani ana swali?